Mahari ya Bunduki ya Samaki

Nilimwona Mzee Kibona usoni kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya jeneza. Huyu ni baba mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyesimamia ndoa yetu, amekula ugali wangu miaka yote hii, na sauti yake ningeitambua hata sokoni siku ya mnada. Uso wake ndio sikuwa naujua. Kwao, kwenye milima ya Ileje, mke wa mtoto hakutani macho kwa macho na baba mkwe wala na ndugu zake wa kiume. Ukisikia anakuja unapita njia nyingine, na ukikosa njia unageukia ukuta. Siku hizi mabinti wanaoolewa kule wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama taarifa ya habari, na hakuna aliyedhurika. Sisi wawili tuliishika desturi mpaka mwisho, nadhani kwa ubishi zaidi kuliko heshima, kila mmoja akingoja mwenzake alegee kwanza. Kwa hiyo tulipoitwa kutoa heshima za mwisho, na wifi yangu akaninong'oneza kwamba sasa ruksa, niliinama nikatazama. Alikuwa na kipua kidogo. Miaka yote nilikuwa nimempa pua kubwa, kwa ajili ya ile sauti. Kicheko kikanitoka pale pale, waombolezaji wakadhani ni kilio, wakanishika mabega wakanitoa nje na kunipa maji ya kunywa. Nikakaa kwenye benchi chini ya turubai, nalia sasa kweli kweli, na katikati ya kulia nikawa nakumbuka mwaka ule wa bunduki.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Tunduma kwa Shangazi Skola, dada yake baba, aliyekuwa na mgahawa karibu na mpaka. Mbele palikuwa na meza za madereva wa malori, watu waliokula jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye foleni. Nyuma palikuwa na chumba alichokiita chumba cha heshima, kwa sababu kilikuwa na kitambaa cha meza. Kati ya chumba hicho na jiko hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia la maua ambalo Shangazi alilinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bila kupima, likaishia usawa wa magoti. Nikiwa kwenye kigoda changu nachambua maharage, watu wa chumba cha heshima niliwaona miguu tu, na nikawa hodari wa miguu. Wabadilisha fedha walivaa raba, tayari kwa lolote. Mawakala wa forodha walivaa viatu vilivyochongoka. Palikuwa pia na jozi moja ya viatu vyeusi vilivyopakwa dawa mbele tu, kisigino kikiwa cha vumbi tupu, na hivyo vilikuwa vya Ambakisye, kijana aliyekuwa anakimbiza karatasi za wakala mmoja kati ya ofisi hii na ile. Alikula maharage kwetu asubuhi, mchana na jioni, mpaka Shangazi akasema huyu kijana ama ana minyoo ama anakutaka wewe. Alikuwa ananitaka mimi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwekea parachichi pembeni bila kuulizwa.

Mshenga wa akina Ambakisye alikwenda kwetu, kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kasanga, akarudi na majibu ambayo wazee wa Ileje walidhani ameyatoa kwenye kilabu cha pombe. Baba yangu alikuwa amekataa ng'ombe. Alisema mbele ya mlango wake kuna maji na nyuma kuna mlima, hao ng'ombe atawachungia wapi. Alitaka jembe moja kwa ajili ya desturi, blanketi kwa ajili ya mama, na bunduki ya samaki. Bunduki hiyo si ya risasi. Ina mti mrefu kama mpini, mpira mnene unaovutwa nyuma kwa nguvu za kifua, na mkuki wa chuma unaolala juu yake. Ukibonyeza kifyatulio, mkuki unaondoka na kamba yake nyuma. Mtu anazama nayo chini kabisa, anamfuata samaki nyumbani kwake. Baba alikuwa mzamiaji tangu utoto, akitumia kipande cha nondo na mpira wa gari alivyojitengenezea mwenyewe. Kisha mgeni mmoja aliyekuja kutazama samaki wa mawe akamwazima bunduki yake asubuhi moja, na tangu siku hiyo baba hakuwa na raha tena na nondo. Bwana Samaki, yule afisa uvuvi wa eneo letu, alishamkubalia kibali. Kilichobaki ni bunduki yenyewe, na hapo ndipo baba alipoweka sharti. "Wakileta inayonifaa, wamchukue binti," alimwambia mshenga. "Wakileta isiyonifaa, warudi nayo na binti abaki." Mshenga alipouliza ni ipi inayomfaa, baba alimjibu kwamba anayetaka kuoa kwake ana macho na ana akili. Baba hakuwa mtu wa kutisha bure. Dada yangu mkubwa alikuwa amekataliwa mchumba kwa sababu ya blanketi lenye tundu, na mchumba mwenyewe alikuwa mwalimu.

Wakati huo simu zilikuwa zimefika Tunduma lakini mtandao ulikuwa haujafika kijijini kwetu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpigia na kumbembeleza aseme. Mimi nilijua, au niliamini najua. Utoto wangu wote nilimwona baba akiingia kwa kichwa kwenye mapango ya mawe, miguu ikipotea, na mimi juu ya jiwe nikibana pumzi pamoja naye mpaka kifua kinawaka. Mtu wa namna hiyo anahitaji bunduki fupi. Nilimweleza Ambakisye yote hayo, nikampimia urefu kwa mkono wangu mpaka begani, naye akaitikia kwa kichwa kila nilipotua. Akaahidi kwamba siku wazee wakija kuchagua atasema. Nikampa parachichi zima.

Wazee walishuka kutoka Ileje siku ya Jumamosi. Chini ya pazia niliona katambuga, vile viatu vya tairi, vimekanyaga sakafu kana kwamba sakafu ni yao, na hao walikuwa Mzee Kibona. Pembeni yao palikuwa na mabuti ya mvua siku ya jua kali, na hao walikuwa Baba mdogo Yotamu, mzee wa kanisa, mtu wa wasiwasi. Viatu vya Ambakisye vilikaa mwisho wa benchi, kisigino juu ya kisigino. Kisha zikaingia moka nyeupe, nikajua ni Chansa, dalali wa Nakonde, ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. Alikuwa ameagiza bunduki tatu kwa madereva wanaotoka Afrika Kusini. Pale mpakani, alisema, maofisa walizizungusha, wakazinusa, wakaziandika vifaa vya michezo.

"Mulishani bamudala," Chansa aliwasalimia kwa Kibemba chake, akazilaza mezani juu ya kitambaa cha heshima. "Tazameni mali. Hii ndefu ni ya baharini, inaangusha samaki wa ukubwa wa ndama. Hii ya katikati inatumia upepo, unajaza kwa pampu. Hii fupi ni kwa wale ambao, basi tu, hawana uwezo."

"Huyo samaki wa ndama analiwa na familia ngapi?" Mzee Kibona aliuliza.

"Ukoo mzima, bashikulu."

"Mimi nina swali," alisema Baba mdogo Yotamu. "Ni silaha au si silaha? Nikiibeba kwenye basi nikakutana na mchungaji, nitasema ninakwenda wapi?"

"Utasema unakwenda kuoa."

"Mimi nina mke."

Walizichagua kama wanavyochagua ng'ombe wa mahari, kwa sababu ndiyo elimu waliyokuwa nayo na ilikuwa imewasaidia siku zote. Nilisikia ile ndefu ikinyanyuliwa na kupimwa uzito, ikigongwa gongwa, ikiulizwa umri wake. Mzee Kibona alitaka kujua kama imewahi kuugua. Chansa akasema haijaugua hata siku moja. Ile ya upepo ilimvutia Yotamu, kwani karibu na mgahawa palikuwa na fundi pancha mwenye pampu ya kutosha, mpaka alipoambiwa kwamba ikijazwa kupita kiasi inaweza kulipuka, nikasikia akiisukuma mbali naye. Mimi nilingoja sauti ya Ambakisye. Baba yake mkubwa alimuuliza, "Na wewe kijana, unaonaje?" Vile viatu vikakanyagana. "Kama mtakavyoona, baba," mume wangu mtarajiwa akajibu. Nilikuwa nimeshika mwiko. Leo ninapomwona akigombana na maofisa kwa sauti ya juu kuhusu mzigo wa mtu, namkumbusha neno hilo, naye hujifanya anatafuta miwani.

Ng'ombe wa mahari hachukuliwi mpaka atembezwe uwanjani waone hatua zake, kwa hiyo bunduki nayo ilibidi ijaribiwe. Walitoka nyuma ya nyumba, mimi nikachungulia kwenye tundu la dirisha la jiko, nikijizuia kutazama juu ya mabega yao. Hakuna aliyependekeza maji. Maji yenyewe Tunduma yalikuwa ya kununua kwa dumu, na Shangazi alikuwa na tanki jeusi la plastiki alilolipenda kuliko ndugu wengi. Mbele ya tanki hilo ulikuwepo mgomba, na mtu wa milimani akiona mgomba na kitu chenye ncha, mawazo yake hayaendi mbali. Chansa aliuvuta mpira wa ile fupi, mkuki ukajikita kwenye mgomba kina cha kiganja cha mtu, ukabaki unatikisika. Wakaguna. Kisha ikaja zamu ya ile ndefu. Waliivuta watu wawili, Yotamu akiwa amefumba macho. Ukasikika mlio mmoja mkavu, mkuki ukapita mgomba kana kwamba haupo, ukaingia kwenye tanki la Shangazi mpaka katikati, na maji yakaanza kutoka pembeni yake kwa utulivu kabisa.

"Hii," alisema Mzee Kibona. "Hii ni mahari."

Shangazi alitoka na ufagio. Sitayaandika aliyoyasema, wapo watoto watakaosoma hapa. Mkuki ulipochomolewa, Yotamu alizuia tundu kwa kidole chake huku Ambakisye akikimbia kutafuta kijiti na mpira wa ndani wa baiskeli, na mzee wa kanisa alisimama hivyo muda mrefu, mkono umenyooka kwenye tanki, akiomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kindali cha kwao. Walipomaliza kuziba walirudi chumba cha heshima wakiwa wamelowa na wenye furaha. Uamuzi ulikuwa umepita. Chansa alikuwa ameshaanza kuifunga ile ndefu kwenye gunia. Nami nikaiona wazi safari nzima: bunduki ndefu kuliko baba, mapango asiyoweza kugeuka humo, neno lake moja la kukataa, na mimi nikianika dagaa kando ya dada yangu aliyekataliwa mwalimu. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu. Binti aliyechumbiwa hasemi na wakwe. Lakini sikuwahi kusikia kwamba hasemi na vyombo.

"Wewe sufuria," nikaliambia sufuria la maharage, kwa sauti ya kufika upande wa pili, "unachemka tu hapo, hujafika ziwani kwetu. Baba yangu hapigi migomba."

Miguu yote ikatulia. Moka nyeupe zikarudi chini ya benchi. Baba mdogo Yotamu akakohoa kile kikohozi chake cha kanisani. Nikasubiri kufukuzwa. Kisha nikasikia Mzee Kibona akivuta kitu juu ya meza kuelekea kwake, taratibu.

"Chupa ya chai," alisema, "hebu sikiliza. Hilo sufuria linasemaje?"

"Sufuria, singa ni samaki anayelala ndani ya pango la mawe. Baba anamfuata humo kwa kichwa. Akiingia na kitu kirefu kuliko yeye atageukaje?"

"Chupa, liulize sufuria mbona ile fupi haina nguvu. Mgomba tu imeshindwa."

"Sufuria, huko pangoni singa yuko karibu naye kama wewe na mfuniko wako. Nguvu ni ya nini? Na ile ndefu wameivuta vijana wawili juu ya nchi kavu. Baba yuko peke yake na pumzi moja."

"Mimi si kijana," alisema Yotamu.

"Chupa, mwambie anyamaze. Liulize na ile ya upepo."

"Sufuria, upepo ukiisha, fundi pancha wa karibu yuko Sumbawanga."

Chansa alijaribu kusema kwamba mali ikishachaguliwa imechaguliwa, nikasikia kiganja kikipigwa mezani, si kwa hasira, kwa kumaliza jambo.

"Chupa, nimeelewa. Tunachukua ile fupi. Na liambie sufuria maharage yanaungua."

Yalikuwa yanaungua kweli.

Nilitangulia nyumbani na Shangazi, wao wakafuata siku ya pili, wamebadilisha gari Sumbawanga na kuteremka ule mteremko mrefu mpaka ziwani. Sikuwa nimefika kwetu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nyumba ilikuwa ile ile, harufu ya samaki na moshi kwenye kuta, ukuta wa jiko usiofika paa, hivyo kila lisemwalo sebuleni huanguka jikoni. Wageni walikaa. Mzee Kibona, ambaye hakuwahi kuona maji mengi kiasi kile, aliomba kiti kinachoupa mgongo mlango. Mama na mimi tulikuwa tunakaanga migebuka. Nikamwona baba akipita uani na pamba kwenye sikio la kushoto, nikamsalimia hakuitika, nikamsalimia tena.

"Pita upande huu wa kulia," mama alisema. "Huko hasikii. Masikio yalimuuma msimu uliopita, daktari akamkataza kuzama."

"Haendi tena majini?"

"Anakwenda. Anaelea juu kama jani, amezamisha uso, anatazama kuhe, wale samaki wakubwa, wanavyopita mbali chini kwenye mchanga. Anarudi anasema angekuwa na kitu kirefu chenye nguvu angewapiga kutoka pale pale juu. Ndiyo hiyo bunduki anayoota. Angekuambia, lakini wewe unajua baba yako, aseme hawezi kuzama?"

Mafuta yalinirukia mkononi na sikuyahisi. Wazee wa Ileje, kwa mgomba wao na tanki la watu, walikuwa wamechagua sawasawa. Mimi niliyemjua baba ndiye niliyekuwa nimemnyang'anya ile ndefu. Nilitaka kukimbia sebuleni nikaseme, lakini nikasikia gunia likifunguliwa.

Nilisikia kifyatulio kikijaribiwa, mpira ukivutwa kidogo na kuachiwa. Jembe na blanketi hakuvigusa. Nje kuku walikuwa wanagombania utumbo wa samaki.

"Nani ameichagua hii?" baba aliuliza, kwa ile sauti ya juu ya watu wasiosikia vizuri.

Nikafumba macho. "Mimi," Mzee Kibona alijibu.

"Unajua kuogelea, mzee mwenzangu?"

"Hata kidogo."

"Umewahi kuniona nikizama?"

"Ndiyo kwanza nakuona leo, tena umekaa."

"Basi si wewe," baba alisema, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka. "Aliyechagua hii ameniona nikiingia kwenye mapango. Anadhani bado naingia."

Mzee Kibona hakubisha, wala hakunitaja. "Kama ina kosa," alisema, "kosa ni la kwangu. Mimi ndiye niliyeileta."

Kiti kikasogea. Baba alipita mlangoni na bunduki mkononi, akavua shati, akaitoa ile pamba sikioni na kuiweka juu ya jiwe, na wageni wakamfuata mpaka ufukweni, Mzee Kibona nyuma ya wote, amenipa mgongo. Mama alimwita kwa jina lake kamili. Hakusikia, au alisikia. Akaingia majini, akavuta pumzi, akageuka kichwa chini mbele ya mapango yale yale, miguu ikapotea. Mimi mlangoni mwa jiko nikabana pumzi. Nilibana mpaka kifua kikawaka, nikaachia, nikabana tena, na bado maji yalikuwa yametulia. Alipoibuka alikuwa anakohoa, mkono mmoja umeshika sikio, na kwenye mkuki palikuwa na singa mdogo wa kiganja, wa saizi ambayo zamani angemrudisha akue. Akatembea hadi kwa Mzee Kibona akamkabidhi yule samaki akiwa bado anapapatika, na Mzee Kibona akampokea kwa mikono yote miwili, ameinyoosha mbele kabisa. Baba akainamisha kichwa upande, akajipiga sikio ili maji yatoke, akageuka kutazama, si wageni, bali jikoni nilikokuwa.

"Inanifaa," alisema.

Nikajua nimeruhusiwa kuondoka, na kwamba aliyeniruhusu alikuwa amezeeka nikiwa sipo. Mama, aliyekuwa amesimama kando yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwongo huyu," akanishika mkono, na hakuuachia mpaka wageni walipomaliza kula.